Pavlova: Sahihi ni ya kweli, kiatu ni cha kubuni

KATIKA minada ya kumbukumbu za sanaa barani Ulaya na nchini Marekani, picha za Anna Pavlova zilizotiwa sahihi kwa mkono wake bado hupata wanunuzi. Inayopendwa mno ni ile ya Batamaji Anayekufa: mwanamke mwembamba aliyevaa vazi jeupe lenye manyoya, mikono ameipinda mithili ya mbawa. Mnunuzi mwangalifu huichunguza sahihi. Ni nadra autazame mguu, ilhali habari kubwa ya maisha ya bibi huyu imo humo.

Pavlova alizaliwa mwaka wa 1881 mjini St Petersburg, Urusi, kabla ya miezi ya mimba kutimia. Mamake alikuwa dobi na riziki ilikuwa ya kubahatisha. Hata hivyo, mama huyo alijinyima akampeleka bintiye katika ukumbi wa Mariinsky kutazama baleti, na tangu siku hiyo mtoto hakutaka kazi nyingine. Alipojitokeza katika Shule ya Kifalme ya Baleti alikataliwa. Alikubaliwa mwaka wa 1891, akiwa na umri wa miaka 10.

Enzi hizo waliovuma jukwaani walikuwa wachezaji wenye misuli iliyokakamaa, hasa kutoka Italia, walioweza kuzunguka mara nyingi juu ya ncha za vidole. Pavlova alikuwa na vifundo vyembamba na nyayo zilizopinda kama uta, hivi kwamba uzani wa mwili ulikielemea kidole gumba. Wenzake walimfananisha na ufagio. Mwalimu wake, Pavel Gerdt, alimshauri awaachie wengine sarakasi hizo, naye aufanye wepesi wake kuwa ndio mtindo wake.

Ushauri ulimfaa, ila mguu ulizidi kuuma. Basi akabuni dawa yake: alitia kipande cha ngozi ngumu ndani ya kiatu na kuisawazisha ncha yake ipate upana wa kusimamia. Wapo waliouita huo udanganyifu, maana mchezaji alitarajiwa kujibeba kwa nguvu za mguu pekee. Ajabu ni kwamba viatu vya baleti vya leo vinafuata kanuni iyo hiyo.

Shutuma hizo zilimchoma. Wanahistoria wa densi wanaeleza kwamba aliagiza picha zake zirekebishwe kabla ya kutolewa, ncha ya kiatu ikapunguzwa hadi ikawa nyembamba kama ya kalamu, wembamba ambao hauwezi kumbeba binadamu. Hivyo basi, anayenunua picha ya namna hiyo hununua sahihi ya kweli na kiatu cha kubuni.

Mnamo 1906 alifikia cheo cha juu kabisa Mariinsky. Densi ya batamaji, iliyotungwa na Michel Fokine kwa muziki wa Camille Saint-Saëns, huchukua dakika chache tu. Inakadiriwa kwamba aliicheza mara 4,000. Mwaka wa 1909 alicheza Paris na kundi la Sergei Diaghilev, kisha akaunda kundi lake na kuhamia London, ambako alifuga batamaji katika bustani ya nyumba yake.

Paris ilimsifu, lakini kwa maoni yangu kazi yake kubwa ni safari alizofunga baadaye. Alizuru India, Japani, Misri, Afrika Kusini na Amerika Kusini, akicheza mbele ya watu ambao wengi wao hawakuwa wameona baleti maishani, juu ya miguu ile ile iliyodharauliwa. Huko Australia na New Zealand kuna kitindamlo chenye jina lake, na nchi hizo mbili hazijaacha kuzozania asili yake.

Januari 1931, akiwa ziarani Uholanzi, alishikwa na maradhi ya mapafu. Aliaga dunia katika hoteli mjini The Hague tarehe 23, majuma machache kabla ya kutimiza miaka 50. Inasimuliwa kwamba katika onyesho lililofuata muziki wa batamaji ulipigwa kama kawaida, taa ikazunguka juu ya jukwaa tupu. Majivu yake yalihifadhiwa Golders Green, London, karibu na nyumba yenye bustani ile.