Marehemu Edward Saidi Tingatinga, Mchoraji wa Tunduru



Wengi wetu tulisikiapo neno tingatinga twaifikiria ile mashine kubwa isukumayo udongo barabarani, au trekta la kulimia. Hata watoto wa shule, ukiwauliza, watakujibu hivyo hivyo. Lakini mtu akifika Dar es Salaam akaona picha za chui, tembo na kanga zenye rangi kali zikiuzwa kando ya barabara, akauliza ni picha gani hizo, ataambiwa kuwa ni tingatinga. Basi tumeona vema kuwaelezeni kwamba Tingatinga lilikuwa jina la mtu, naye alikuwa Mtanzania mwenzetu. Alichora kwa muda wa miaka minne tu, akauawa kwa kudhaniwa mwizi.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, kusini kabisa mwa nchi yetu, upande wa mto Ruvuma na mpaka wa Msumbiji. Wazazi wake walikuwa wakulima wa jembe la mkono. Baba alikuwa Mwislamu wa kabila la Wangindo, na mama alikuwa Mkristo wa kabila la Wamakua, na ndiyo sababu mtoto akawa Edward na tena akawa Saidi. Sisi wa Bukoba na Muleba hatuna la kushangaa hapo, kwani katika koo zetu wamo Waanglikana, Walutheri, Wakatoliki na Waislamu, na siku ya arusi au ya msiba wote hukaa pamoja.

Tunduru ni nchi ya miombo, nayo iko jirani na pori kubwa la Selous. Huko mnyama si kitu cha kwenda kutazamwa kwa gari na kwa kiingilio. Tembo huingia shambani akala mahindi, na simba amepata kuwala watu. Twataja jambo hili mapema kwa sababu wapo wasemao kwamba Tingatinga aliwachora wanyama ili kuwapendeza wageni wa kutoka Ulaya. Kuwapendeza aliwapendeza, lakini wanyama wale aliwajua tangu utotoni, kabla hajamjua mgeni yeyote.

Katika miaka ya hamsini aliondoka kwao, akaenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge. Zama zile mkonge ulikuwa ndiyo mali kuu ya Tanganyika, na watu wa kusini walikwenda huko kwa maelfu kutafuta fedha ya kodi na ya nguo, kama vijana wetu wa zamani walivyovuka kwenda Uganda. Kazi ya mkonge tumesimuliwa na waliopata kuifanya: miiba, jua kali, na hesabu ya mafungu ambayo lazima itimie ndipo mtu aandikiwe siku yake. Hakukaa sana. Kabla ya Uhuru alikuwa amekwisha kufika Dar es Salaam, akapata kazi ya nyumbani kwa Mwingereza mmoja mtumishi wa serikali ya kikoloni, katika mtaa wa Oysterbay. Enzi hizo mtu wa kazi hiyo aliitwa boi, hata kama huyo boi alikuwa na mke na watoto na mvi kichwani.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, Waingereza wengi walifunga mizigo, na bwana wake naye akaondoka. Tingatinga akabaki bila kazi. Miaka iliyofuata alishika hili na lile, akajaribu hata muziki, mpaka akapata kazi ya uhudumu katika hospitali ya Muhimbili. Hayo hatutayarefusha. Ni maisha ya watu wengi waliokimbilia mjini miaka ile, na wengi wao hawakuacha alama yoyote.

Alianza kuchora yapata mwaka 1968, akiwa na miaka thelathini na sita. Kwa nini alianza? Wapo wasemao kuwa aliona picha za wachoraji kutoka Kongo zikitembezwa na kuuzwa mjini, akajiambia kuwa hata yeye anaweza. Wengine husema kuwa chanzo ni michoro ya kuta za nyumba za kwao kusini. Kwa maoni yetu habari hizo mbili hazipingani. Mtu anaweza kuwa na kitu ndani yake tangu utotoni, kisha akahitaji kumwona mwingine akikiuza ndipo ajue kuwa kina thamani.

Sasa tuje kwenye vifaa vyake. Hakuwa na kitambaa cha wachoraji wala rangi zile za kifaransa zitiwazo katika vibomba vidogo, kwani vitu hivyo vilikuwa ghali, na pengine havikupatikana. Alichukua ubao mwembamba wa kupigia dari, ule ambao mafundi wetu huuita silingi bodi, akaukata vipande vya mraba vya futi mbili kwa mbili, yaani kama sentimita 60 kila upande. Ubao mzima wa futi nne kwa nane humpa mtu vipande vinane. Na rangi aliyoitumia ilikuwa rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Naam, rangi ile ile tuionayo katika maduka ya vifaa hapa Bukoba, na ambayo vijana wetu huzipakia upya baiskeli zao za kubebea ndizi.

Rangi ya namna hiyo ina tabia yake. Inang'aa, inakauka ikawa ngumu, wala haipendi kuchanganywa juu ya ubao. Ukiweka nyekundu juu ya nyeupe iliyo mbichi utapata uchafu. Kwa hiyo mchoraji hana budi kupaka kwanza ubao wote rangi moja, akangoja ikauke. Kisha humchora mnyama, akangoja tena. Mwisho hutia madoa, mistari na macho. Ndiyo sababu katika picha zake kila rangi imesimama peke yake, safi, bila kuingiliana na jirani yake. Watu waliosoma wameandika mengi juu ya ukali wa rangi zake, lakini sisi twaona kwamba nusu ya jambo hilo yatoka katika kopo lenyewe, na nusu nyingine katika uvumilivu wa mtu aliyejua kungoja.

Mnyama kwa kawaida ni mmoja, naye hujaza ubao karibu wote. Hakuna milima nyuma yake, wala mbingu. Sisi tuliopita chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba kitu kilicho mbali huchorwa kidogo na kilicho karibu huchorwa kikubwa, na kwamba kivuli huangukia upande mmoja. Kwa Tingatinga hakuna mbali wala karibu, na kivuli hakuna kabisa. Chui wake amegeuza uso akutazame, na madoa yake yamepangwa kama shanga. Hata hivyo huwezi kusema kuwa si chui. Akina mama zetu wafumao mikeka na vikapu wataelewa jambo hili upesi kuliko mwalimu wa sanaa, kwani nao hupanga rangi pembeni ya rangi bila kuiga kitu chochote kilicho nje.

Watu wengi hufikiri kuwa kipawa cha mikono ni jambo la dunia tu, lisilohusu Kanisa. Tungependa wasome tena Kutoka sura ya 31, habari za Bezaleli, ambaye Bwana alimjaza roho kwa ajili ya kazi ya ufundi, wakati hata kuhani alikuwa hajavaa mavazi yake. Mara ngapi tumemwona mtoto akichora ng'ombe nyuma ya daftari la hesabu, akafinywa sikio! Hesabu ni lazima, hatusemi vinginevyo. Lakini yule ng'ombe naye atazamwe.

Picha zilipokauka zilipelekwa Oysterbay, kwenye maduka yaitwayo Morogoro Stores, ambako wageni walikwenda kununua mahitaji yao. Ziliwekwa nje, chini ya mti. Mke wake Agatha alikuwa pamoja naye katika biashara hiyo, na Mungu aliwajalia watoto wawili. Wanunuzi wa kwanza walikuwa Wazungu waliofanya kazi mjini, wengi wao wa nchi za Skandinavia, ambao katika miaka ile walikuja kwa wingi kusaidia nchi yetu. Baadaye kampuni ya umma ya sanaa ikaanza kuzinunua na kuziuza. Hivyo mtu aliyepata kuingia katika nyumba za Oysterbay kwa mlango wa jikoni, sasa kazi yake ikatundikwa sebuleni.

Mahitaji yalipozidi, Tingatinga aliwaita jamaa zake wa kutoka kusini wamsaidie. Majina ya baadhi yao yanajulikana: January Linda, Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Omari Amonde. Walijifunza kwa kumtazama na kunakili. Mwanafunzi alipaka rangi ya chini, akajaza mahali alipoonyeshwa, mpaka mkono wake ukazoea. Wapo wanaoidharau njia hiyo, wakisema kuwa kunakili si sanaa. Lakini fundi seremala wa Muleba hufundisha vivyo hivyo, na mwanakwaya asiyejua noti hujifunza sauti yake kwa kuisikia kwa aliyemtangulia.

Mwaka 1972 Tingatinga alikuwa katika gari pamoja na rafiki. Polisi wakalidhania gari hilo kuwa la wezi waliokuwa wakitoroka, wakapiga risasi. Zikampata Tingatinga, akafa. Umri wake ulikuwa miaka arobaini hivi. Hakuwa mwizi, wala hakuwa ametafutwa kwa kosa lolote. Aliacha mjane, watoto wadogo, na wanafunzi watano au sita ambao hata hawakujua kama kazi hiyo itaendelea.

Twaomba wasomaji wasilipite jambo hilo haraka. Hapa kwetu hakuna haja ya polisi wala bunduki. Mtu mmoja akipiga yowe usiku kwenye migomba, kijiji kizima hutoka na fimbo na mapanga, na anayekutwa njiani akikimbia, au mgeni asiyejulikana ni wa ukoo gani, huwa ana dakika chache tu za kujieleza. Waliofanya hivyo Jumamosi huja kanisani Jumapili. Na akigundulika baadaye kuwa hakuwa na hatia, husemwa kuwa ilikuwa bahati mbaya, na ndugu zake wakabidhiwe maiti. Aliyekufa katika gari lile mwaka 1972 tunamjua jina kwa sababu ya picha zake. Wengine waliokufa kwa namna hiyo hawajulikani walikuwa na kipawa gani.

Wanafunzi hawakutawanyika. Waliendelea kukaa chini ya mti ule ule pale Morogoro Stores, wakachora kama walivyofundishwa, na picha zao wakaziita kwa jina la marehemu. Sisi twaona kuwa hilo lilikuwa tendo la heshima kubwa, kwani wangeweza kabisa kuliacha jina lake life. Enoch Sontonga, yule mwalimu wa Afrika Kusini aliyefariki mwaka 1905, tunauimba mwendo wake katika Mungu Ibariki Afrika, lakini ni wachache kati yetu wanaojua jina lake. Kwa Tingatinga mambo yalikwenda kinyume: jina linajulikana pote, na mwenye jina ndiye asiyejulikana.

Mwaka 1990 wachoraji hao waliunda chama chao cha ushirika, ambacho makao yake yako pale pale Oysterbay. Ndugu yake mmoja, Simon Mpata, alihamia Nairobi, akachora huko hadi kufa kwake mwaka 1984. Wajapani walimpenda sana, na hoteli moja katika Maasai Mara ikapewa jina lake. Mwaka 2010 zilianza kuonyeshwa katika televisheni ya Uingereza hadithi za watoto zenye wanyama wa namna hiyo, nazo zilitengenezwa Nairobi. Wajukuu wa wasomaji wetu wengine huenda wamekwisha kuziona.

Siku hizi wachoraji wengi hutumia kitambaa badala ya ubao, maana kitambaa hukunjwa na kuingia katika sanduku la mtalii. Picha nazo zimejaa: Kilimanjaro, mbuyu, twiga ishirini, Wamasai na jua likizama, vyote mahali pamoja. Kwa kusema kweli hatuzipendi sana. Zile za Tingatinga mwenyewe ni chache, kwa kuwa miaka minne si mingi, na nyingi zimo mikononi mwa watu wa ng'ambo. Bei yake imepanda mpaka wametokea wadanganyifu wa kuzighushi. Mwenyewe aliziandika chini kwa herufi kubwa, E. S. Tingatinga, na juu ya maandishi hayo kuna mnyama mmoja tu, amesimama katika rangi moja, akimtazama mtu.