Cheng Man-ch'ing: Mwalimu wa taichi aliyekataa kubagua wanafunzi

VIONGOZI wa jamii ya Wachina jijini New York walipomuunga mkono Cheng Man-ch'ing katika miaka ya 1960, walitarajia awafunze watu wao taichi, sanaa ya kujihami yenye miondoko ya polepole. Hawakutarajia kwamba angemfungulia mlango kila aliyebisha.

Cheng alizaliwa mwaka wa 1902 katika eneo la Wenzhou, mkoa wa Zhejiang, mashariki mwa China. Utotoni aliangukiwa na tofali kichwani akapoteza fahamu. Alipopata nafuu alipelekwa kwa mchoraji kujifunza sanaa, na angali kijana akawa akifundisha uchoraji Beijing na Shanghai.

Ni katika ujana huo ambapo alishikwa na kifua kikuu, akawa anakohoa damu. Enzi hizo, kabla ya kugunduliwa kwa dawa za kuangamiza viini vyake, ugonjwa huo uliwaua wengi. Cheng aligeukia taichi, na baadaye akawa mwanafunzi wa Yang Chengfu, mjukuu wa mwasisi wa mtindo wa Yang. Alipona, na aliamini hadi mwisho kwamba mazoezi hayo ndiyo yaliyomwokoa.

Walimu wengi wa zama hizo walizificha siri za sanaa yao, wakawarithisha jamaa zao pekee. Inasimuliwa kwamba Yang alimfunulia Cheng mengi baada ya Cheng, ambaye pia alikuwa tabibu wa tiba asilia ya Kichina, kumponya mkewe. Yang alifariki mwaka wa 1936.

Cheng hakuificha amana hiyo. Wakati wa vita dhidi ya Japani (1937-1945), alifundisha mkoani Sichuan, ambako aliufupisha mtindo huo mrefu, wenye miondoko mingi inayorudiwa, ukabaki na mikao 37 ili watu wengi waweze kuumudu. Mwaka wa 1949 alihamia Taiwan, na mwaka wa 1964 akaelekea New York.

Huko aliwapokea Wachina na wasio Wachina, wanaume kwa wanawake, hata vijana wa nywele ndefu waliodharauliwa na wengi. Wafadhili wake walikasirika, na alipokuwa safarini Taiwan wakamfungia nje ya ukumbi. Wanafunzi wake hawakumtupa. Walikodisha mahali pengine ili mwalimu akirejea aendelee na kazi.

Katika zoezi la kusukumana kwa mikono, aliwahimiza wakubali kushindwa kwanza, kwani anayetumia nguvu ili asianguke hajifunzi kulegeza mwili. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Cheng alifariki Taiwan mnamo Machi 1975. Mtindo wake wa mikao 37 ungali unafunzwa katika mataifa mengi, na watu ambao huenda wasingeruhusiwa hata kuvuka kizingiti cha walimu wa kale.