Katharina von Bora, Mtawa Aliyegeuka Mama wa Nyumba

Mpenzi msomaji, wengi wetu tumesoma habari za Martin Luther, yule Mjerumani aliyeanzisha mageuzi ya kanisa mwaka wa 1517. Lakini je, unamjua mkewe?

Katharina von Bora alizaliwa mwaka wa 1499. Alipelekwa kwa watawa akiwa bado mtoto mdogo, na mwaka wa 1515 akala kiapo cha utawa. Alikuwa na miaka 16 tu, rika letu sisi wa kidato cha tatu!

Siku hizo watu waliamini kuwa anayempendeza Mungu zaidi ni mtawa au padre. Mkulima na mama wa jikoni walionekana wako chini. Luther alilipinga jambo hilo. Alifundisha kwamba kazi yoyote halali, ikifanywa kwa imani na kwa kumfaa jirani, ni wito wa Mungu. Mafundisho hayo yalipenya hadi kwa watawa. Aprili 1523 Katharina na wenzake walitoroka usiku wakiwa ndani ya gari la farasi la mfanyabiashara mmoja. Haukuwa mchezo, kwani kutoroka utawa kulikuwa hatia kubwa.

Tarehe 13 Juni 1525 aliolewa na Luther mjini Wittenberg. Luther akahubiri, Katharina akatenda. Alikuwa mgaagaa na upwa kweli kweli! Aliamka alfajiri, akalima, akafuga ng'ombe na nguruwe, akapika pombe iliyokuwa kinywaji cha kila nyumba, akawalisha wanafunzi waliopanga kwao na kuwauguza wagonjwa. Walijaliwa watoto 6, wakazika 2.

Luther alifariki mwaka wa 1546. Alimwachia mkewe mali kwa wosia, lakini wosia huo haukufuata sheria za huko, kwa hivyo mjane akapata taabu. Kisha vita vikaharibu mashamba yake. Hata hivyo alirudi, akapangisha vyumba tena. Mwaka wa 1552 alipokuwa akikimbia tauni, alianguka kutoka garini akaumia vibaya. Alifariki mjini Torgau tarehe 20 Desemba.

Ndugu msomaji, kuna wanaodhani Ukristo ni wa Jumapili tu. Maisha ya Katharina yanakataa. Anayekama ng'ombe kabla ya kuja shuleni, na mama anayetupikia uji gizani, nao wako ibadani. Tusiwadharau hata kidogo.