Hakimu wa Ihumwa: Maisha ya Hayati Mathias Mnyampala



Sote tuliosoma Mazengo pale Kikuyu twajua kwamba shule yetu ilipewa jina la Mtemi wa Mvumi. Lakini tukiulizwa juu ya Mgogo mwingine, aliyeamua mashauri ya watu na kuiandika historia ya nchi hii, wengi wetu twakumbuka tu kwamba jina lake lilikuwa juu ya kitabu cha ngonjera. Huyo ni hayati Mathias Mnyampala. Mwaka huu tunapokutana, naona inafaa tumkumbuke kama hakimu.

Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 huko Ihumwa, mashariki ya mji wa Dodoma. Alizaliwa wakati mbaya. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua zikakosekana. Njaa iliyofuata Wagogo waliiita Mtunya. Inakadiriwa kwamba ilikula watu 30,000 katika kabila lililokuwa na watu wapatao 150,000. Mathias alisalimika, akachunga mifugo kama watoto wenzake, na baadaye akapata elimu katika misheni ya Kikatoliki.

Ili tuielewe kazi aliyoifanya ukubwani, yafaa tukumbuke jinsi haki ilivyotafutwa Ugogo. Hapo kale hapakuwa na mtawala mmoja wa nchi nzima. Kila mtemi alikuwa na eneo lake, na kazi yake kubwa ilikuwa kuiombea nchi mvua. Madogo yaliamuliwa na wazee nyumbani. Makubwa, kama kuua mtu au tuhuma za uchawi, yalifika kwa mtemi. Fidia ililipwa kwa ng'ombe, na aliyedai na aliyedaiwa waliendelea kukaa jirani.

Waingereza waliyakuta hayo wakayatia katika vitabu vya serikali. Kwa sheria ya mwaka 1929 mabaraza ya wenyeji yaliwekwa chini ya mabwana shauri. Mtu asiyeridhika alikata rufani kwa Bwana Shauri, kisha kwa mkuu wa jimbo, na mwisho kwa Gavana. Mahakama Kuu haikuhusika. Hivyo mkono uliodai kodi ndio huo huo uliosikiliza malalamiko. Sisi tulio watumishi wa serikali twajua uzito wa jambo hilo: mwananchi aliyefika mbele ya meza hakuweza kujua leo anazungumza na mtoza kodi au na mwamuzi.

Hiyo ndiyo meza aliyoikalia Mnyampala. Baada ya kufundisha shule alifanya kazi ya ukarani, akapanda hadi kuwa liwali, na baadaye akawa hakimu. Hakuwa na shahada ya sheria. Alichokuwa nacho ni Kigogo, Kiswahili, na subira ya kuwasikiliza wazee. Matunda ya subira hiyo yalionekana mwaka 1954, kilipochapishwa kitabu chake Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika. Humo alieleza asili za koo na habari za watemi, na alionyesha kwamba koo nyingi zilitoka kwa majirani zikaja kuwa Wagogo hapa hapa. Kwa maoni yangu, kitabu hicho ni kazi ya mwamuzi. Hakimu asiyejua ukoo wa mtu, wala mahari ililipwaje, ataamua nini katika shauri la ng'ombe au la watoto?

Baada ya Uhuru mambo yalibadilika upesi. Mwaka 1963 mamlaka ya machifu yalifutwa, na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka huo ikaunganisha mahakama zote katika mfumo mmoja, kuanzia Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu. Hakimu akatenganishwa na mtoza kodi. Wazee wa baraza walibaki, wakikaa pamoja na hakimu wa Mahakama ya Mwanzo, na lugha ya hapo ikawa Kiswahili.

Kiswahili ndicho kilichokuwa mapenzi makubwa ya Mnyampala. Diwani yake ilitoka mwaka 1963. Akatunga pia tenzi za Enjili na za Zaburi, na akaongoza UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere alipowataka washairi walieleze Azimio la Arusha kwa wananchi, Mnyampala aliitikia kwa ngonjera. Ndani yake watu wenye mawazo tofauti wanajibizana hadi wanapatana. Anayeijua baraza ataona mara moja kwamba mshairi huyu alikuwa amesikiliza mashauri mengi.

Alifariki dunia tarehe 8 Juni 1969, akiwa na umri wa miaka 51 tu. Ngonjera za UKUTA zilitoka kitabuni mwaka uliofuata, naye hakuziona. Tawasifu yake, Maisha ni Kugharimia, ilingoja hadi mwaka 2013 kuchapishwa.

Ndugu zangu, Kiingereza kiliendelea kutawala katika mahakama za juu kwa miaka mingi, hata mtu akashinda au akashindwa bila kuielewa hukumu yake. Ni mwaka 2021 tu ndipo sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zote. Jambo lililokuwa la kawaida katika baraza za vijijini lilichukua zaidi ya nusu karne kupanda ngazi.

Shule yetu haipo tena. Tangu mwaka 2007 majengo yake ni Chuo Kikuu cha St. John's. Ihumwa nayo imekuwa jirani wa Mji wa Serikali wa Mtumba, na kila siku magari yetu ya kazini yapita karibu na alikozaliwa Mnyampala. Napendekeza mkutano wetu uchange fedha, tununue vitabu vyake tuvipeleke katika shule za sekondari za Ihumwa na Kikuyu. Kijana wa huko akiulizwa Mnyampala ni nani, naye apate jibu papo hapo.