AL-BIRUNI, MPIMAJI WA MAWE

Mwaka huu tumemchagua Abu Rayhan al-Biruni. Alizaliwa mwaka 973 mjini Kath, katika nchi ya Khwarazm, akafariki Ghazna, Afghanistan, katikati ya karne ya 11.

Uzeeni aliandika kitabu kuhusu vito. Ili kutambua kito cha kweli, alipima uzito wa jiwe na maji yaliyomwagika lilipotumbukizwa chomboni. Aliangalia pia jiwe lipi hukwaruza jingine: yakuti huyashinda mengi, na almasi huishinda yakuti. Watu walidai nyoka akiona zumaridi hupofuka. Yeye alilijaribu jambo hilo kwa miezi 9, na nyoka hakupofuka.

Sisi wa Tukuyu tunaokota mawe mepesi yenye matundu, yaliyorushwa na volkeno ya Mlima Rungwe. Ukubwa wake humdanganya mtazamaji, lakini mizani haidanganyi.

Kazi ile ya kupima ugumu inaendelea hadi leo. Wanasayansi hutengeneza utando wa fuwele ziitwazo perovskaiti, mwembamba kuliko unywele, ili kupata umeme wa jua. Huubonyeza kwa ncha ndogo mno ya almasi, na wamekuta ni laini kuliko silikoni. Pia huharibika upesi usipolindwa.

Tunajifunza nini? Tusithibitishe jambo kwa sababu tu wengi wamelisema. Tulipime kwanza. Allah amrehemu mwanachuoni huyu. Amin.