Mheshimiwa Padre Libermann na Kuzipima Siku Zetu

Katika sikukuu hii tunapowakumbuka waliotuletea Injili katika milima ya Uluguru, yafaa tumtaje na mmoja ambaye hakuikanyaga Afrika kamwe, walakini wanawe katika utawa ndio waliofika hata kwetu. Ndiye Mheshimiwa Padre François Libermann.

Alizaliwa Saverne, Ufaransa, tarehe 12 Aprili 1802, mwana wa rabi wa Wayahudi. Mkesha wa Noeli 1826 alibatizwa, akaingia seminari. Hata alipokaribia daraja takatifu, mwaka 1829, kifafa kilimshika, akazuiwa. Akangoja miaka mingi kwa saburi, akizoea kuutazama moyo wake mbele ya Mungu. Wengi wakamtafuta awashauri. Alipewa upadre tarehe 18 Septemba 1841, akaanzisha Shirika la Moyo Mtakatifu wa Maria.

Mwaka 1843 alituma mapadre 7 na walei 3 pwani ya magharibi ya Afrika. Homa ikawashika, na kwa muda mfupi wengi wao wakafa. Mtu mwingine angaliacha kazi, au angalituma wengine vile vile nao wakafa. Libermann hakufanya hili wala lile. Aliuchukua msiba wake katika sala, akalifikiri jambo lote upya. Mwaka 1846 akapeleka Roma maandishi, akieleza kwamba Kanisa la Afrika lisitegemee wageni tu, bali wafundishwe mapadre Waafrika, makatekista, walimu, wakulima na mafundi. Mwaka 1847 akawaandikia wamisionari wake wasiwahukumu Waafrika kwa desturi za Ulaya, bali wawe kwao kama watumishi.

Mwaka 1848 shirika lake likaunganishwa na Shirika la Roho Mtakatifu. Alifariki Paris tarehe 2 Februari 1852. Wanawe wakafika Unguja mwaka 1863, Bagamoyo 1868, Morogoro 1882.

Basi, ndugu makatekista na walimu, kazi yetu ni tunda la fikira zile zilizozaliwa katika msiba. Nasi tufanyeje? Mkulima wa Mgeta, mvua ikiisha kunyesha, huzipitia ngazi za shamba lake aone udongo umemomonyoka wapi, akaziba. Asipotazama leo, mvua ya pili italichukua shamba.

Vivyo hivyo kila jioni, kabla ya kulala, tutenge robo saa. Tumshukuru Mungu; tuipitie siku tangu asubuhi; tujiulize neno lipi lilimjenga mtu na lipi lilimvunja; tutubu; kisha tuazimie jambo moja tu la kesho. Mtoto akiyakimbia mafundisho, tusimwite mvivu kabla hatujajiuliza tumemfundishaje. Mgonjwa akikaa siku nyingi bila kutembelewa, tusiseme kazi ni nyingi kabla hatujazihesabu saa zetu.

Mungu atujalie kuzipima siku zetu, ili wanaotujia kesho wasipatwe tena na madhara ya jana.