Louisa May Alcott: Aliandika 'Little Women' ili alipe madeni ya nyumbani

Waliosoma Little Women wanamjua Jo March, yule binti mtundu anayejifungia darini kuandika hadithi. Aliyemtunga, Louisa May Alcott, hakuwa na hamu kabisa ya kuandika kitabu cha wasichana. Alihitaji hela.

Alizaliwa 29 Novemba 1832 huko Pennsylvania, Marekani, akakulia Massachusetts, wa pili kati ya mabinti wanne. Baba yake, Bronson, alikuwa mwalimu na mwanafalsafa: mawazo mengi, mfukoni hamna kitu. Mwaka 1843 aliihamishia familia shambani waishi kwa msimamo. Nyama marufuku, maziwa marufuku, hata nguo za pamba na sufu hazikutakiwa. Baridi ilipoingia chakula kikapungua, na baada ya miezi kama saba mambo yakaishia hapo. Louisa alikuwa na miaka 11.

Akakua akihangaika. Alishona, akafundisha, akafanya kazi za ndani. Aliandika pia hadithi za mapenzi na visasi kwa jina la A. M. Barnard, maana zililipa. Mwishoni mwa 1862 alienda Washington kuuguza majeruhi wa vita. Wiki chache tu akashikwa na homa ya matumbo, akapewa dawa yenye zebaki. Mwenyewe aliamini ndiyo iliyomharibia afya moja kwa moja.

Mchapishaji Thomas Niles ndiye aliyemsukuma aandike kuhusu wasichana. Basi akaandika anaowajua: yeye na dada zake. Elizabeth, aliyefariki 1858, ndiye Beth. Sehemu ya kwanza ilitoka Septemba 1868, na nakala 2,000 za mwanzo zikaisha haraka.

Barua zikamiminika. Wasichana walitaka kujua Jo ataolewa na nani, na wengi walimtaka Laurie, kijana wa jirani. Louisa, ambaye hakuwahi kuolewa, alitaka Jo abaki bila mume. Sehemu ya pili ilipotoka 1869 akamwoza kwa profesa wa Kijerumani aliyemzidi umri, kwa ukaidi tu. Wapo wasomaji ambao hawajamsamehe mpaka leo, na unaweza kuwaelewa.

Jambo lililomwokoa ni kutouza haki za kitabu kwa malipo ya mara moja. Niles mwenyewe alimshauri hivyo. Hela iliyoingia ililipa madeni yote ya familia, mpaka yale ya zamani.

Majukumu hayakuisha. Mdogo wake May alifariki Ufaransa mwaka 1879, wiki chache baada ya kujifungua, na kichanga kikaletwa kwa Louisa akilee. Walimwita Lulu.

Louisa alifariki Boston 6 Machi 1888 akiwa na miaka 55. Baba yake alikuwa amefariki siku mbili kabla, na yeye hakuwa na habari.